Mtoto alikunywa mafuta ya taa, akapewa maziwa na akapona: je, maziwa ndiyo yaliyomwokoa?

Swali: "Daktari, ninaishi Makambako. Mume wangu ni dereva wa lori, na uani tuna kibanda anachohifadhia vifaa vyake vya gari. Mwezi uliopita mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minane alikunywa mafuta ya taa tuliyokuwa tumeyatia kwenye chupa ya maji ya kunywa. Alipaliwa, akakohoa sana, kisha akatulia. Mama mkwe alimpa kikombe kizima cha maziwa, akataka pia kumtapisha kwa maji ya chumvi, lakini nikakataa kwa kuwa mtoto alikuwa analia mno. Hatukwenda hospitali, na kesho yake alikuwa anacheza. Tangu hapo nyumbani tumekubaliana kwamba maziwa ndiyo dawa ya sumu. Juzi nimemkuta ameshika kulanti ya baba yake, ile ya kupozea injini ya gari, ya kijani, ikiwa kwenye chupa ya juisi. Angeinywa, maziwa yangesaidia? Na akinywa maji ya betri? Nimesikia pia kwamba aliyezidiwa na hewa ya mkaa hupewa maziwa, nasi huku baridi ya Juni ikianza hulala na jiko ndani."

Jibu: Dada yangu, nianze na mtoto. Ikiwa umepita mwezi mzima naye anakula, anacheza, hahemi kwa shida, hana kikohozi kinachorudi rudi wala homa isiyoeleweka, basi mafuta yale hayakumwachia madhara ya kutafutiwa dawa leo. Dalili yoyote kati ya hizo ikiwepo, mpeleke akasikilizwe kifua na umweleze daktari kilichotokea, hata kama unadhani ni jambo lililokwisha pita.

Ama swali lako kuu, jibu ni hapana. Maziwa hayakumwokoa. Kilichomwokoa ni kwamba mafuta yaliyofika kwenye mapafu yake yalikuwa machache sana, na kwamba wewe ulishikilia msimamo wako asitapishwe. Nalisema hili mapema na bila kuzunguka, kwa sababu imani mliyoipata katika mafuta ya taa inaweza kumgharimu mtoto huyohuyo maisha yake siku atakapokunywa kulanti.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba sumu zote hufanya kazi moja, yaani huingia tumboni, husambaa mwilini na kuua, na kwa hiyo ni lazima zitolewe kwa kutapika au zipozwe kwa maziwa. Vitu vinne ulivyovitaja havifanani hata kidogo katika namna vinavyodhuru. Mafuta ya taa hudhuru mapafu. Maji ya betri huunguza mdomo, koo na umio hapo hapo yanapopita. Kulanti haiunguzi chochote, bali hugeuzwa kuwa sumu na ini la mtoto mwenyewe, kisha huharibu figo. Hewa ya mkaa haipiti tumboni kabisa. Haiwezekani kinywaji kimoja kikawa dawa ya yote manne.

Mafuta ya taa ni mepesi sana, na wepesi huo ndio hatari yake. Yakibaki tumboni huwa hayana madhara makubwa, kwa kuwa tumbo na utumbo hunyonya kiasi kidogo tu. Lakini mtoto anapopaliwa, matone machache yakiingia kwenye njia ya hewa hutandaa haraka hadi ndani ya mapafu, kama tone la mafuta linavyotandaa juu ya maji ya dimbwi. Humo huharibu utando wa majimaji unaovifanya vifuko vidogo vya hewa vibaki wazi, navyo hushikana, huvimba na kujaa maji, na mtoto hushindwa kuvuta hewa ya kutosha. Hiyo ni nimonia inayoletwa na kemikali na si vijidudu, na ndiyo maana kununua dawa za antibiotiki dukani na kumpa mtoto mara tu baada ya tukio hakumkingi.

Sasa fikiria kinachotokea mtoto huyo akitapishwa. Mafuta yaliyokuwa yametulia tumboni hupandishwa tena kooni, na nafasi ya kuingia mapafuni hupatikana mara ya pili. Maji ya chumvi yana hatari yake ya ziada, kwani chumvi nyingi ikiingia katika damu ya mtoto mdogo huweza kumletea degedege na hata kifo, mbali kabisa na sumu aliyoinywa. Na kikombe kizima cha maziwa hujaza tumbo la mtoto ambaye tayari amekohoa na kulia, tumbo lililojaa hutapika kwa urahisi, na mnajikuta mmemtapisha bila kukusudia. Mama mkwe wako alitenda kwa upendo na kwa yale aliyoyaona kwa waliomtangulia, na sidhani kama kuna haja ya kumlaumu. Kuna haja, hata hivyo, ya kukaa naye kwa heshima na kumweleza, kwa sababu huenda siku nyingine akabaki na mjukuu peke yake.

Kule kukohoa alikokohoa mtoto wako mara tu baada ya kunywa ni dalili kwamba kitu kilipita njia ya hewa, na hapo ndipo mlipopaswa kwenda hospitali bila kusubiri kuona itakavyokuwa. Kwa kawaida dalili za mapafu kuumia hujitokeza ndani ya saa 6 za mwanzo, na ndiyo sababu hospitalini tunamweka mtoto chini ya uangalizi kwa muda huo hata akionekana mzima. Mkija wakati anahema haraka, mbavu zinabonyea ndani, pua zinatanuka au midomo imeanza kuwa ya bluu, tunaanza na oksijeni papo hapo, na wengine hulazwa kwa siku kadhaa kwa kuwa hali huweza kuzidi kuwa mbaya katika siku ya pili na ya tatu. Nyumbani, kazi yenu ni kumvua nguo zilizolowa mafuta, kumwosha ngozi kwa sabuni na maji, kumbeba akiwa ameketi wima, na kuondoka. Petroli, tina ya rangi na dizeli huchukuliwa vivyo hivyo. Dawa nyingi za maji za kupulizia viazi na nyanya huyeyushwa katika mafuta ya jamii hiyo, kwa hiyo nazo hazitapishwi, ingawa zina sumu nyingine kali ndani yake inayomfanya mtu kutokwa na mate na jasho kwa wingi na mboni za macho kuwa ndogo sana, na inayohitaji dawa mahususi ya hospitali.

Nimwombe pia mumeo jambo moja hapa. Madereva na utingo wengi huhamisha petroli au dizeli kwa kuvuta mpira kwa mdomo. Mtu mzima akipaliwa na mafuta kwa namna hiyo huumia mapafu kwa njia ileile niliyoieleza kwa mtoto. Pampu ndogo ya mkono haina gharama kubwa.

Kulanti ndiyo iliyonifanya niandike kwa urefu. Kitu kikuu katika kulanti nyingi za magari ni etilini glikoli, kimiminika kisicho na harufu kali, chenye ladha tamu, na ambacho hutiwa rangi ya kijani, ya pinki au ya bluu. Kwetu nyanda za juu, ambako Makete, Njombe na uwanda wa Kitulo hupata baridi ya kugandisha umande katika Juni na Julai, na ambako malori hupanda milima yakiwa na mizigo mizito, dereva makini hawezi kuikosa. Simlaumu mumeo kwa kuwa nayo. Nalaumu ile chupa ya juisi.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, hukohoa, hulia na kukunja uso, nanyi mnajua mara moja kwamba kuna jambo. Akinywa kulanti hakohoi wala hahisi kuungua, na kwa kuwa ni tamu anaweza kuendelea kunywa. Katika saa za mwanzo huonekana kama aliyelewa: huyumba, husinzia, pengine hutapika, na mzazi husema mtoto amechoka, akamlaza. Wakati huo ini linaivunja etilini glikoli hatua kwa hatua na kuigeuza kuwa asidi, na asidi hizo hujaa katika damu, ndipo mtoto anapoanza kuhema kwa kasi na kwa kina. Mwishoni mwa safari hiyo hutokea oksaleti, ambayo hukutana na kalsiamu ya mwilini na kuunda chembe ngumu zinazokwama ndani ya figo. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu mkojo hupungua au hukatika kabisa. Kwa hiyo kipimo mlichokitumia mwezi uliopita, cha kungoja kuona kama kesho yake atacheza, hakifai kabisa hapa, kwani anaweza kuonekana anapata nafuu huku figo zikiharibika.

Na kiasi kinachotosha si kikubwa. Kipimo kinachokadiriwa kuweza kuua ni takriban mililita 1.4 za etilini glikoli halisi kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa mtoto wa kilo 11, umri wa wako, hiyo ni mililita kama 15, yaani kijiko kimoja cha chakula cha kulanti nzito ambayo haijachanganywa na maji. Kulanti zinazouzwa zikiwa tayari zimechanganywa zina kiasi pungufu, lakini ukishaimimina kwenye chupa ya juisi hakuna tena lebo ya kutuambia ni ipi. Kama mtu anadhani nazidisha, akumbuke yaliyotokea Gambia mwaka 2022, ambako watoto wapatao 70 walifariki kwa figo kushindwa kufanya kazi, na dawa za maji za kikohozi walizokuwa wamepewa zikakutwa na etilini glikoli na ndugu yake, dietilini glikoli. Watoto hao walipewa dawa kwa kijiko na mikono ya wazazi wao.

Maziwa hayawezi kulizuia ini lisifanye kazi hiyo. Kinachoweza kulizuia ni dawa inayokishika kimeng'enya cha ini kabla hakijaigusa etilini glikoli, nayo ni fomepizoli au, pasipokuwa nayo, alkoholi inayotolewa kwa kipimo maalumu hospitalini. Nimesita kuitaja alkoholi, kwa kuwa ninaogopa mtu asije akamnywesha mtoto pombe nyumbani. Usifanye hivyo: pombe hushusha sukari ya damu ya mtoto kwa kasi na inaweza kumuua yenyewe, na hospitalini hutolewa huku sukari ikipimwa kila mara. Sumu ikiwa imeshasambaa, tiba ni kusafisha damu kwa mashine, na kwa nyanda zetu hilo mara nyingi maana yake ni rufaa kwenda Mbeya, safari ya saa kadhaa kutoka kwenu. Saa hizo zinahesabika kutoka pale alipokunywa. Nenda kwanza hospitali iliyo karibu, iwe hapo Makambako, Ilembula au Njombe, wakamtathmini na kupiga simu wanakompeleka, na sema tangu mlangoni kwamba amekunywa kulanti, kwa sababu mhudumu asipoambiwa anaweza kudhani ni malaria au degedege la kawaida.

Kwa maji ya betri, kwanza muulize mumeo ana chupa ya aina gani, kwani yapo maji safi ya kuongezea na ipo asidi yenyewe, na watu huviita vyote kwa jina hilohilo. Asidi ya betri ni asidi ya salfuriki, takriban theluthi moja ya uzito wake. Huunguza kila inapogusa, na mtoto atalia, atatokwa na mate mengi, atakataa kumeza au sauti itakwama. Ukimtapisha, unaipitisha asidi mara ya pili mahali palipokwisha ungua. Ukimpa magadi ili kuiua asidi, muunganiko huo huzalisha joto na gesi tumboni, na jeraha huongezeka. Magadi makali ya kutengenezea sabuni, ambayo sasa yapo katika nyumba nyingi za kina mama wajasiriamali, nayaogopa kuliko asidi, kwa kuwa huyeyusha nyama na kuzama ndani zaidi. Hayo nayo hayapozwi kwa limau wala siki.

Hapa ndipo maziwa yana nafasi yake, na ni haki niiseme. Mtoto aliyemeza kitu kinachounguza, akiwa macho kabisa, anaweza kumeza na hahemi kwa shida, anaweza kusuuzwa mdomo kisha kupewa mafunda machache ya maji au maziwa ili kupunguza ukali. Maji yanatosha sawasawa na maziwa, na akionyesha dalili ya kutaka kutapika, acha. Kisha ni hospitali, hata kama mdomo unaonekana hauna kidonda, kwa sababu umio unaweza kuwa umeungua bila mdomo kuonyesha, na kovu lake huweza kubana njia ya chakula wiki kadhaa baadaye. Ikimwagikia ngozi au macho, mimina maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi kabla ya jambo jingine lolote.

Wapo pia wanaosaga mkaa wa jikoni na kumnywesha mtoto kwa sababu wamesikia hospitali hutumia mkaa. Mkaa wa hospitali huandaliwa kwa namna maalumu, na hata huo haushiki mafuta ya taa, asidi wala kulanti. Katika haya tunayozungumza hauna kazi.

Hewa ya mkaa inaniumiza kila msimu wa baridi ukianza, kwa sababu huchukua watu wazima na watoto pamoja usingizini. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala moshi, kwa hiyo mkaa uliokwisha kolea na kuwa mwekundu, ambao wengi huuona ni salama, bado unaitoa. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na damu ikaendelea kuzunguka bila kubeba hewa inayotakiwa na ubongo na moyo. Mkiamka nyumba nzima mnaumwa kichwa, mna kichefuchefu na miguu haina nguvu, kisha mkapata nafuu mkiwa nje, hayo si mafua ya baridi. Maziwa hayafiki kwenye hemoglobini. Aliyepoteza fahamu akinyweshwa maziwa huingia mapafuni, na mnamuua kwa kitu mlichokusudia kimponye. Anachohitaji ni kutolewa nje mara moja, na anayemtoa afungue milango na madirisha asije naye akaanguka, kisha apelekwe hospitali kupewa oksijeni. Akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi iliyo katika damu huchukua saa 4 hadi 5 kutoka, ilhali kwa oksijeni ya hospitali huchukua kama saa moja na nusu au pungufu. Kipimo cha kidole kinachoonyesha oksijeni hudanganywa na gesi hii na kuonyesha namba nzuri, kwa hiyo mweleze daktari kwamba mlikuwa na jiko ndani. Mjamzito apelekwe hata akijisikia vizuri, kwani mtoto tumboni huathirika zaidi yake.

Najua baridi ya Makambako, na sitakuambia mlale mkitetemeka. Oteni moto jioni mkiwa macho, dirisha likiwa wazi kiasi, na kabla ya mtu wa kwanza kulala jiko litoke nje ya nyumba, si kwenye korido wala jikoni palipopakana na chumba. Mumeo naye asilale na jiko ndani ya kichwa cha lori.

Kuhusu kuhifadhi, tatizo kubwa la nyumba zetu ni kwamba mafuta ya taa hununuliwa kwa kupimiwa dukani, na mtu huenda na chupa yoyote aliyonayo. Tafuteni kidumu kimoja chenye rangi tofauti na cha kinywaji chochote, kifuniko chake kikaze, kiwe ndicho pekee kinachokwenda dukani kununua mafuta. Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba kugawa vyombo vya mafuta ya taa ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kulipunguza matukio haya kwa karibu nusu. Vitu vya gari vibaki katika makopo yake yenye lebo, ndani ya sanduku lenye kufuli, kwa sababu mtoto wa umri huo hupanda juu ya ndoo na viti na rafu ya juu haimzuii. Siku likitokea jambo, chukua kopo lenyewe uje nalo, pamoja na saa aliyokunywa na makadirio ya kiasi kilichopungua. Kwangu mimi ninayempokea mtoto, hayo ni msaada mkubwa kuliko chochote mtakachomnywesha njiani.

Ile kulanti iliyo kwenye chupa ya juisi usiimwage uani, kwani mbwa huipenda kwa utamu wake nao hufa kwa figo vilevile. Ifungie leo, umwombe mumeo airudishe kwenye kopo lake au aimimine kwenye rejeta kabla hajaondoka safari nyingine, na chupa hiyo iharibiwe, isioshwe na kurudi jikoni.